Helmeti Hufanya Kazi Mara Moja

Barabara ya Mandela, kuanzia Tazara hadi Ubungo, ni njia ya malori ya makontena yanayotoka bandarini. Ndiyo njia yangu pia. Natengeneza baiskeli Buguruni. Wateja wangu ni wauza mikate, wabeba mkaa na vijana wanaochukua samaki soko la Feri. Breki wanazijali sana. Helmeti wachache mno wanayo.

Anayeniuliza kwa nini mimi naivaa, naivua nimwonyeshe ndani. Ganda la nje ni jembamba tu. Kazi yote ni ya lile povu jeupe gumu, kama linalowekwa kwenye boksi la televisheni. Kichwa kikigonga lami, povu hubonyea, na huko kubonyea ndiko kunakopunguza ukali wa pigo kabla halijaufikia ubongo. Likishabonyea halirudi. Helmeti iliyokwisha kuanguka na mtu imemaliza kazi yake, hata kama rangi inang'aa.

Ndiyo maana helmeti ya mtumba naikagua sana. Bandua sponji, tafuta ufa kwenye povu. Angalia kibandiko cha ndani: za Ulaya huandikwa EN 1078, za Marekani CPSC. Isiyo na kibandiko mimi siinunui. Kisha ivae sawasawa, ukingo wa mbele uwe vidole viwili juu ya nyusi, na mkanda ukaze chini ya kidevu. Wengi huisukumia kisogoni wapate hewa. Paji la uso linabaki wazi, na mtu akirushwa mbele ya usukani mara nyingi hapo ndipo anapotua.

Ila helmeti haikukingi na gurudumu la lori. Nchini kwetu tunapita kushoto, na lori refu likikata kona ya kushoto, matairi ya nyuma huja ukingoni zaidi kuliko ya mbele. Aliyejipenyeza ubavuni hapo dereva hamwoni kabisa. Mimi hubaki nyuma ya lori, bajaji zipige honi zitakavyo. Na daladala ikisimama siipiti kushoto, maana huko ndiko abiria wanakoshukia.

Wauza mikate nawahofia zaidi, kwa kuwa wanatoka kabla hakujapambazuka, na kreti kwenye keria huifunika rifleta. Gari la nyuma halioni kitu. Baiskeli ya namna hiyo ikiletwa kwangu, hata kwa pancha tu, naihamishia rifleta kwenye madigadi, chini ya mzigo. Kwa kazi hiyo sidai hela.