Uvuvi wa Burudani Pwani: Hesabu ya Mteja wa Bara

Biashara ya kuwapeleka wageni kuvua baharini katika pwani ya Kenya, ambayo huitwa uvuvi wa burudani kwa sababu mvuaji hulipia boti na nahodha bila nia ya kuuza samaki, ilijengwa kwa miaka mingi juu ya mtalii wa ng'ambo, na bei zake bado zina sura ya mtalii huyo. Mteja anayetafutwa siku hizi ni wa aina nyingine: mwalimu wa Nakuru, fundi wa Eldoret, au karani wa Nairobi ambaye angependa kuvua jodari mara moja kwa mwaka pamoja na familia yake. Kama biashara hii ina nafasi kwa mteja wa namna hiyo ni swali ambalo wenye boti na maafisa hulijibu kwa namna mbili zisizolingana.

Umbali wenyewe si kikwazo kikubwa kama inavyodhaniwa. Treni ya reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria kati ya Nairobi na Mombasa mwaka 2017, ilipandisha nauli ya daraja la pili kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 mwanzoni mwa mwaka 2024, na kwa nauli hiyo watu wanne hulipa shilingi 12,000 kwenda na kurudi, kabla ya gharama ya matatu kutoka Miritini, ambako treni huishia nje ya kisiwa, kuelekea Mtwapa, Kilifi au Watamu. Mzigo halisi humkuta msafiri akishafika ufuoni, kwa kuwa boti za kwenda ng'ambo ya mwamba, yaani nje ya ukingo wa matumbawe unaoikinga pwani dhidi ya mawimbi makubwa, hukodishwa nzima kwa nusu siku au siku nzima, na mtu aliyekuja na mwenzake mmoja hulipa sawa na kundi lililojaza viti vyote.

Mwenye boti mmoja wa eneo la Kilifi, aliyeomba jina lake lisitajwe kwa kuwa bado anategemea madalali kumletea wateja, anaeleza kwamba lawama ya bei huelekezwa kwake ilhali sehemu kubwa ya fedha haimfikii. Kwa maelezo yake, mteja wa bara hupatana bei na dalali kwa simu, hutuma malipo ya awali, kisha hufika ufuoni akiamini kwamba amekwisha kumlipa nahodha, na hapo ndipo mvutano huanza. Mafuta, anasema, hayajui idadi ya abiria; injini huchoma kiasi kile kile kufika kwenye kina kirefu wakiwamo watu wawili au sita, na tangu kodi ya ongezeko la thamani ya petroli na dizeli ilipopandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16 katikati ya mwaka 2023, safari ya nusu siku imekuwa ngumu kuipangia bei ambayo mfanyakazi wa kawaida ataikubali. Analalamikia pia wingi wa vibali, kwani mamlaka moja hukagua chombo, nyingine hutoza leseni ya uvuvi na ya tatu hudai ushuru wa biashara, na kila moja huja kwa wakati wake. Zaidi ya yote humuudhi kwamba wateja wa bara huja wakati bahari haitaki.

Lalamiko hili la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote, na ndilo husikika kidogo katika mipango rasmi. Bahari ya pwani hii hutawaliwa na pepo mbili za msimu: kusi, uvumao kutoka kusini tangu Aprili hadi karibu na Septemba, na kaskazi, uvumao kutoka kaskazini-mashariki kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, na kati yake hupita kipindi cha maleleji ambapo upepo hutulia au hugeukageuka. Katika kilele cha kusi, hasa Mei hadi Julai, boti nyingi za kina kirefu hufungwa gatini. Jodari huanza kupatikana vizuri kuanzia Agosti hadi Oktoba, sulisuli huongezeka kati ya Novemba na Januari, na nduaro, samaki mkubwa mwenye mdomo mrefu kama mkuki, hufuatwa zaidi tangu Januari hadi Machi. Kalenda ya shule haikupangwa kwa kuangalia pepo hizi. Likizo ya Aprili huangukia kuingia kwa kusi na masika, ile ya Agosti hukuta bahari ikianza tu kupoa, na Desemba, ambapo maji ni mazuri, ndipo vyumba na treni hujaa na bei hupanda. Kwa hiyo punguzo analopewa msafiri wa Mei au Juni mara nyingi ni punguzo la kulala karibu na bahari asiyoweza kuiingia.

Afisa mmoja wa sekta hiyo anaona mambo kwa matumaini zaidi. Hoja yake kuu ni kwamba ukanda wa kiuchumi wa bahari ya Kenya, unaoenea maili 200 za bahari kutoka ufuoni, una ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 142,000 na kwamba sehemu kubwa yake haijatumiwa, hivyo utalii wa ndani una nafasi ya kukua bila kuwabana wavuvi wadogo. Ukubwa huo ni wa kweli, na hutajwa katika kila mkutano wa uchumi wa buluu, yaani uchumi unaotokana na rasilimali za bahari. Hata hivyo, eneo la maji si idadi ya viti katika boti. Halielezi ni vyombo vingapi vina jaketi za kuokoa maisha za kutosha, wala ni gati ngapi zinaweza kutumika maji yanapokupwa. Boti ya kawaida ya kukodi hurudi siku ile ile, na sehemu kubwa ya kilomita hizo haitaiona kamwe. Alipoulizwa kuhusu bei ya kiti kimoja, afisa huyo alirejea ukubwa wa bahari.

Njia nafuu ipo, ingawa haitangazwi sana. Ni kuvua ndani ya mwamba kwa mshipi wa mkono, katika dau au boti ndogo ya faiba ya mvuvi wa kienyeji, ambako changu, chewa na kolekole hupatikana bila kuchoma mafuta mengi. Hapo msafiri hana budi kuzingatia mipaka, kwa kuwa katika hifadhi za taifa za baharini, zikiwamo za Malindi na Watamu zilizoanzishwa mwaka 1968, uvuvi wa aina yoyote umepigwa marufuku. Azingatie pia mwezi: wakati wa bamvua, ambapo tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4, boti zinazoondokea fukwe zenye maji machache huweza kusubiri muda mrefu, na saa alizolipia mteja huishia mchangani, tofauti na siku za maji mafu. Jambo jingine lizuialo ugomvi ni kuulizana mapema samaki ni wa nani, maana katika boti nyingi za kina kirefu desturi ni kwamba samaki hubaki na boti, na nduaro na sulisuli huwekewa alama na kuachiliwa.

Mustakabali wa soko la bara hautabiriki kwa urahisi. Baadhi ya wenye boti wameanza kuuza kiti kimoja kimoja na kuwachanganya wasiojuana, mpango unaoweza kushusha bei iwapo boti itajaa, lakini ambao huvunjika mara moja abiria wawili wakiahirisha safari. Kodi ya mafuta haionyeshi dalili ya kurudi ilikokuwa, na udalali utaendelea maadamu mteja wa Eldoret hana namna rahisi ya kumfikia nahodha mwenyewe. Kwa familia yenye watoto shuleni, hesabu zilizopo zinaelekeza kwenye kipindi kimoja tu kinachofaa: majuma ya Novemba baada ya shule kufungwa na kabla ya bei za Krismasi kuanza, ambapo kusi limekwisha na sulisuli wameanza kusogea, na atakayeulizia nafasi katikati ya Desemba atakuta sehemu kubwa ya nafuu hiyo imekwisha.