Cheti cha Afya ya Mifugo: Chuo Kwanza, Kisha Baraza

Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, wazazi hutupigia simu studio. Kijana anapenda mifugo, asome wapi? Na akimaliza, ataruhusiwa kutibu? Tumeona tulieleze kwa maandishi, maana zipo familia zinazouza ng'ombe ili zilipe ada.

Serikali ina vyuo vyake chini ya Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo, LITA, vikiwemo vya Tengeru, Mpwapwa, Morogoro, Buhuri na Madaba. Vyuo binafsi pia vipo. Kwa mwombaji wa kidato cha nne, masomo yanayoangaliwa sana ni Biolojia na Kemia. Mafunzo hupanda kwa ngazi: ya 4 na ya 5 ni za cheti, ya 6 ni stashahada.

Lakini mtoto wa mfugaji akasomee nini asichokiona zizini kwao? Tuchukue ndigana. Ndigana kali na ndigana baridi zote huenezwa na kupe, na zote huleta homa. Ya kwanza huvimbisha mitoki na kumfanya ng'ombe aheme kwa shida. Ya pili hupunguza damu, ufizi ukapauka na kinyesi kikawa kigumu. Oksitetrasaiklini hutibu ndigana baridi. Mwenye ndigana kali huhitaji buparvakwoni, tena mapema. Anayekisia hupoteza ng'ombe wa mwenzake. Ndiyo maana mwanafunzi hufundishwa kuchukua sampuli na kuipima kwa hadubini.

Sasa lile linalosahaulika: cheti cha chuo peke yake si ruhusa ya kutibu. Chini ya Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, mhitimu anapaswa kutambuliwa na Baraza la Veterinari Tanzania kabla ya kutoa huduma. Hata hapo, kijijini watamwita daktari, ila kisheria ni mtaalamu msaidizi anayesimamiwa na daktari wa mifugo.

Kwa hiyo, mzazi, kabla ya kulipa hata shilingi, hakikisha chuo kimesajiliwa na NACTVET na kozi yenyewe inatambuliwa na Baraza. Kisha uliza wanafunzi wanafanyia wapi vitendo: mifugo iko wapi, josho liko wapi, maabara iko wapi? Ukioneshwa madarasa tu, rudi nyumbani na ng'ombe wako.