Je, Wajua? Wufa, Wati na Chumba cha Kumi kwa Kumi

Je, wajua kuwa plagi ya kawaida ya stima nchini Kenya, ile ya miguu mitatu, haikusudiwi kupitisha zaidi ya wati 3,120? Zidisha volti 240 kwa ampea 13, hesabu imeisha. Basi wufa iliyoandikwa wati 10,000 kwenye katoni pale Luthuli Avenue jijini Nairobi, na inayochomekwa kwenye soketi hiyo hiyo nyumbani mtaani Huruma, haiwezi kukupa nguvu hizo wimbo mzima. Herufi PMPO zinazofuata nambari hiyo hazina kipimo kimoja kinachokubalika. Kila kiwanda hujipigia hesabu yake. Geuza mashine, usome kibandiko cha nyuma kinachoonyesha inakula stima kiasi gani. Hiyo ndiyo nambari ya kuamini.

Wajua kuwa hata wati za kweli haziongezi sauti jinsi wengi wanavyodhani? Ukizifanya maradufu, unapata desibeli 3 tu za ziada. Ili sikio lihisi sauti imekua mara mbili, zahitajika takriban desibeli 10, yaani wati mara kumi. Kwa hivyo muulize muuzaji swali jingine: spika hii hutoa desibeli ngapi ikipewa wati moja, ukiisikiliza kwa umbali wa mita moja? Spika ya desibeli 90 ikipewa wati 50 hulingana na ya desibeli 87 iliyopewa wati 100.

Je, wajua kuwa utamu wa spika hupimika? Wengi husema kila mtu na sikio lake. Floyd Toole, wakati huo mtafiti wa Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada mjini Ottawa, alilichunguza jambo hilo kwa miaka mingi na kuchapisha matokeo yake mwaka 1986. Wasikilizaji walikaa mbele ya pazia linalopitisha sauti, spika zikiwa nyuma yake, zote zikiwa zimesawazishwa zisizidiane kwa kelele. Wakazipa alama bila kujua ni ipi inayolia. Walikubaliana kwa kiasi kikubwa mno. Walizozipenda ni zile ambazo vipimo vyake vilichora mstari ulionyooka: spika isiyovimbisha besi, isiyonoa sauti kali hadi ikakwaruza sikio, isiyomfunika mwimbaji.

Macho, hata hivyo, ni shahidi mbaya. Mwaka 1994 Toole na mwenzake Sean Olive waliwapa watu 40 spika nne wazipe alama, mara pazia likiwapo, mara spika zikionekana. Alama zilibadilika. Mfumo mdogo wa bei nafuu uliofanya vizuri nyuma ya pazia ulishuka mara tu watu walipouona. Ukiwa dukani, basi, fumba macho.

Wajua kuwa sikio lako halihitaji cheti? Olive alichapisha mwaka 2003 matokeo ya wasikilizaji 268, wengine wamefundishwa kazi ya kusikiliza spika, wengine wauzaji wa vifaa, wengine wanafunzi. Wote walizipanga spika karibu kwa mpangilio ule ule. Waliofundishwa walitofautiana na wengine zaidi kwa kuwa wakali wa alama na kwa kutobadilisha kauli.

Tukirudi kwenye vipimo, kipimo kimoja cha mbele ya spika hakitoshi. Utaratibu wa Marekani uliotolewa mwaka 2013 kwa jina la CEA-2034 huitaka spika ipimwe mara 70, ikizungushwa digrii kumi kumi, kwa upana na kwa wima. Sababu yake yaeleweka vizuri zaidi na anayeishi kwenye chumba kidogo: sehemu kubwa ya unachosikia imegonga ukuta kabla ya kukufikia. Spika inayotoa sauti safi mbele na sauti chafu ubavuni itaharibu muziki hata ukiielekeza usoni.

Wajua kuwa mwaka 2004 Olive alikadiria alama ambazo wasikilizaji wangetoa kwa spika 70 kwa kutumia vipimo peke yake, na makadirio yake yakakaribia sana alama zao halisi? Katika hesabu hiyo, uwezo wa kushuka hadi besi ya chini ulibeba karibu theluthi ya uzito. Wapenzi wa besi wa Eastlands hawakukosea kuitaka. Kinachokosewa ni kuitaka nyingi badala ya kuitaka iliyo sawa.

Na hapa ndipo chumba cha futi kumi kwa kumi kinapoingia. Futi 10 ni kama mita 3.05. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hivyo ukuta hadi ukuta chumba hicho huvuma chenyewe kwenye hezi 56 hivi. Uzi wa tatu wa gitaa la besi, ukipigwa bila kubanwa, hutoa hezi 55! Noti hiyo moja itafura na kukutikisa kifua, huku noti za jirani zake zikinywea. Urefu na upana vikiwa sawa, tatizo linajirudia pande zote mbili, na kuta za mawe zenye slabu juu na chini huirudisha besi nyingi ndani. Aliyesimama katikati ya chumba na aliyelala kitandani kando ya ukuta wanasikia nyimbo mbili tofauti. Pazia halisaidii hapo. Hunyonya sauti kali tu.

Dawa yake haina gharama. Weka wufa mahali unapoketi, cheza wimbo wenye besi inayotembea, kisha chutama ukizunguka kando ya kuta ukisikiliza. Panapokupa noti zote kwa usawa, hapo ndipo pa kuiweka. Mara nyingi hapatakuwa kwenye kona, kwa kuwa kona huukuza mvumo wa chumba kuliko mahali pengine popote.

Wajua kuwa boksi la spika lina hesabu? Neville Thiele wa Australia aliichapisha mwaka 1961, na Richard Small akaiendeleza miaka ya 1970. Kila spika ina ujazo wa boksi unaoifaa na urefu wa bomba unaolingana nao. Fundi wa Kariobangi Light Industries anayekata ubao bila nambari hizo anaweza kuigeuza spika nzuri kuwa ngoma ya noti moja. Mpe karatasi ya vipimo vya spika ukiwa nayo, stadi ataitumia.

Simu ndogo haiwezi kutoa zile hezi 55 za gitaa la besi, ila bado unaufuata mwendo wa besi. Ubongo huijaza noti iliyokosekana kwa kuzisikia ndugu zake za juu, yaani mizidisho ya hezi hizo 55.

Hewa ya Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban moja ya sita. Spika ile ile hupoteza huku bara sauti kidogo mno. Hutaigundua.

Je, wajua kuwa besi ndiyo ya kwanza kupotea sauti ikishushwa? Fletcher na Munson wa maabara za Bell walilionyesha hilo mwaka 1933. Ndiyo maana dukani spika inayolia juu kidogo huonekana bora. Mwambie muuzaji azisawazishe kwanza.

Kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 huruhusu, kwenye mitaa yenye makazi na biashara pamoja, desibeli 55 mchana na 35 usiku, na usiku wa sheria huanza saa mbili na dakika moja. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Ukuta wa mawe huzuia sauti kali vizuri na kuiachia besi kiasi ipite, nayo slabu huibeba hadi ghorofa ya juu. Saa mbili ikifika, inua wufa sakafuni uiweke juu ya sponji nzito, kisha shusha kitufe cha besi kabla ya kingine chochote. Jirani ana mtoto wa kulaza.