Kufundisha Usafirishaji Salama wa Faili

Kila mwalimu hukabidhiwa majina na alama za watoto. Siku hizi kumbukumbu hizo huandikwa katika kompyuta, kisha hupelekwa kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali itunzayo faili za wengi. Alama ikibadilishwa njiani, anayeumia ni mtoto. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka mwenye kutunza taarifa za watu azilinde. Hivyo yafaa tuone jinsi somo hili linavyoweza kufundishwa katika madarasa ya juu ya shule ya msingi.

Hatua ya kwanza: Yanayojulikana
Mtoto wa Kibosho anaujua mfongo. Maji hutoka banioni na kupita wazi kando ya vihamba vya watu wengi. Wa kando aweza kuyachota, wa juu aweza kuyachafua, na wa chini asijue. Utaratibu wa zamani wa kusafirisha faili, FTP, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1971, ndivyo ulivyo: faili hupita wazi, pamoja na neno la siri la mtumaji.

Hatua ya pili: Zoezi
Mwalimu aandike kwa penseli alama ya mtoto wa kubuni, kamwe si ya mwanafunzi halisi. Karatasi ipitishwe wazi mkono kwa mkono, na mmoja aagizwe kwa siri kufuta 43 na kuandika 13. Mara ya pili iwekwe katika kisanduku chenye kufuli, mtumaji na mpokeaji wakiwa na funguo zinazofanana. Mara ya tatu mwanafunzi mwingine ajifanye mpokeaji na kupewa ufunguo. Darasa litagundua kwamba kufuli halifai kitu mzigo ukikabidhiwa kwa asiyehusika.

Hatua ya tatu: Maelezo
Mwaka 1995 Tatu Ylönen wa Ufini alibuni SSH, baada ya maneno ya siri kuibwa katika mtandao wa chuo kikuu chake. SFTP hupitia humo. Kompyuta mbili hukubaliana ufunguo bila kuupitisha wazi njiani. Kisha kila kitu hufumbwa, na kikiguswa hugundulika. Mara ya kwanza seva huonyesha alama yake ya utambulisho. Mtumaji hana budi kuilinganisha na ile aliyopewa na msimamizi kwa njia nyingine. Siku alama hiyo ikibadilika bila taarifa, asitume.

Ikumbukwe kwamba SFTP hulinda njia tu. Nakala iliyoachwa katika kompyuta ya stesheneri mjini Moshi haina mlinzi.

Maswali ya kupima
1. Kwa nini kufuli peke yake halitoshi?
2. Utafanya nini alama ya seva ikibadilika?
3. Baada ya kutuma, utaifanyia nini nakala iliyobaki?