Pengo Linalokula Mfupa

Mtu aking'oka jino la mbele, wiki haiishi kabla hajaulizia meno ya bandia. Aking'olewa gego, anahamia kutafuna upande wa pili na maisha yanaendelea. Nani atachungulia huko ndani? Kumbe gego ndilo linalosaga makande, na likiondoka halibaki pengo tu. Jino la juu lililokuwa likikutana nalo huanza kushuka, majirani zake hulalia upande ulio wazi, na mfupa uliolishika, sasa hauna kazi, huanza kuyeyuka. Sehemu kubwa hupotea ndani ya mwaka wa kwanza. Taya la chini ndilo huisha zaidi, ndiyo maana kibogoyo wa miaka mingi kidevu chake husogea mbele na kupanda kuelekea puani.

Kwa hiyo anayetaka kuziba pengo afikirie kwanza mfupa, tabasamu baadaye. Matangazo ya kliniki hufanya kinyume.

Walio wengi huanzia kwenye meno ya kuvaa na kuvua, yanayotengenezwa kwa plastiki ngumu iitwayo akriliki. Si kitu cha kudharau, yakitengenezwa na mtu anayejua kazi. Daktari huchukua umbo la kinywa kwa uji mzito unaoganda, fundi wa maabara humimina plasta, kisha meno hupangwa kwanza kwenye nta ili mgonjwa ayajaribu. Hapo huambiwa aseme maneno yenye sauti ya 's' kwa wingi; "sitini na sita" yatosha kabisa. Katika sauti hiyo meno ya juu na ya chini yanapaswa kukaribiana bila kugusana. Yakigonga, yamepangwa marefu mno, na nta ingali laini ya kurekebishwa. Hatua hii ikirukwa, mzee atakuwa anagonga meno kila akitoa salamu.

Seti ya juu hufunika kaakaa lote na kunata kwa mate. Ya chini ndiyo balaa. Ni upinde mwembamba uliokalia ufizi unaoteleza, ulimi ukiusukuma kwa kila neno, na kadiri mfupa unavyopungua ndivyo seti inavyocheza zaidi. Wengi huishia kuiacha kwenye kikombe cha maji mwaka mzima na kuivaa siku ya harusi. (Yawe maji baridi, tafadhali, ya moto huikunja. Na gundi ya viatu si dawa ya meno yaliyovunjika.)

Dawa ya balaa hilo ilianzia kwenye mguu wa sungura. Mwaka 1952, mjini Lund, Sweden, Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mzunguko wa damu ndani ya mfupa kwa kifaa cha titani. Utafiti ulipokwisha alitaka kukitoa akitumie tena, maana titani ilikuwa ghali. Hakikutoka. Mfupa ulikuwa umekishika. Mwaka 1965 aliyatumia maarifa hayo kupandikiza skrubu za titani kwenye taya la Gösta Larsson, mtu aliyezaliwa na kasoro za taya na kaakaa na aliyekuwa hana meno ya chini. Larsson alifariki mwaka 2006, vipandikizi vyake vikiwa bado kazini. Wenzake Brånemark, hata hivyo, walimdharau kwa miaka mingi. Mlango ulifunguka kweli kwenye mkutano wa wataalamu wa meno uliofanyika Toronto, Kanada, mwaka 1982.

Kipandikizi ni skrubu ya titani inayoingizwa mfupani, ikaachwa miezi kadhaa ishikane, kisha ikavishwa jino. Ni ghali, na bei hiyo ndiyo huwafanya watu wakate tamaa wakidhani kila pengo linadai skrubu yake. Sivyo. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walipendekeza kwamba kwa asiye na jino hata moja chini, vipandikizi viwili vya kubania seti ya kuvaa viwe ndilo chaguo la kwanza. Viwili tu! Mzee anavua usiku, anasafisha, asubuhi anabana, na nyama anakula. Kwangu hili ndilo lingepaswa kutangazwa. Tahadhari tu: mvutaji sigara na mwenye kisukari kisichodhibitiwa wana hatari kubwa zaidi ya mfupa kukataa kushika.

Kuna pia daraja, yaani jino la bandia linaloshikizwa kwenye meno ya jirani; hukaa imara, ila hudai kusaga meno hayo mazima. Na chini yake mfupa unaendelea kuisha.

Kuna waliopoteza zaidi ya jino. Ameloblastoma ni uvimbe wa taya usio saratani, unaokua taratibu bila maumivu, na kwenye eksirei mara nyingi huonekana kama povu la sabuni. Kwa kuwa hauumi, watu huchelewa kufika hospitali hadi uso umepinda. Ukikwanguliwa tu, hurudi mara nyingi. Ndiyo sababu madaktari hukata kipande cha taya pamoja na sehemu ya mfupa mzima pembeni. Bamba la titani huweza kushikilia umbo, lakini likiachwa peke yake miaka mingi laweza kuvunjika au kutokeza nje ya ngozi.

Suluhisho imara zaidi hutoka mguuni. Kando ya muundi kuna mfupa mwembamba usiobeba uzito mwingi. Madaktari huukata pamoja na mishipa yake ya damu, wakiacha ncha ya kifundoni ili mgonjwa atembee, huugawa vipande kufuata upinde wa taya, kisha hushona mishipa hiyo shingoni wakitazama kwa hadubini. Mfupa huo huweza kupokea vipandikizi. Tatizo ni kimo chake: ni takriban nusu ya taya la kijana mwenye meno. Daktari asipojua mapema meno yatakaa wapi, huuweka chini kufuata ukingo wa kidevu. Uso unapendeza, lakini kati ya mfupa na meno panabaki umbali unaotesa vipandikizi. Mgonjwa ana haki ya kuuliza kabla ya kutia saini fomu ya upasuaji: meno yangu yatakaa wapi, na nani atayaweka?