Kicheko kilichomkasirisha mzee

Mwezi uliopita mzee mmoja wa hapa mjini Kondoa alitujia baada ya swala ya alasiri akiwa na mashtaka. Alikuwa amepita kando ya kibanda umiza, mojawapo ya vile vibanda ambamo vijana wetu hutazama mpira na filamu kwa kiingilio kidogo, akasikia kicheko cha kupasua paa. Alipochungulia, aliona katika kioo maiti ya msichana aliyekuwa akitumia kiti cha magurudumu, na vijana wameshika mbavu. "Wanangu," alituambia, "nchi hii imezika watu waliouawa kwa sababu ya rangi ya ngozi zao. Leo mnawaacha vijana wacheke kiwete akichinjwa?"

Shtaka hilo si dogo. Wasomaji wanakumbuka mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino yaliyolitia aibu taifa, hata mwaka 2008 Rais Jakaya Kikwete alipomteua Ndugu Al-Shymaa Kway-Geer, mwenye ualbino, kuwa Mbunge, wananchi wengi waliona kwamba taifa limejibu. Kwa hiyo hatukumjibu mzee papo hapo. Tulikwenda kibandani, tukalipa kiingilio kama wengine, tukaitazama filamu ile mpaka mwisho.

Jina lake ni Psycho Beach Party. Ni filamu ya Marekani ya mwaka 2000, iliyoongozwa na Robert Lee King kutokana na mchezo wa jukwaani wa Charles Busch ulioonyeshwa New York mwaka 1987. Kisa chake kimewekwa mwaka 1962 katika ufukwe wa Malibu, California. Binti aitwaye Chicklet anataka kujifunza kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao, kazi ambayo wavulana wanadai ni yao peke yao. Binti huyo ana nafsi zaidi ya moja ndani yake, na watu wanaanza kuuawa. Muuaji hatumtaji, maana wapo ambao hawajaiona.

Ili kuelewa filamu hiyo inamcheka nani, yafaa kujua kwamba inazidhihaki aina mbili za filamu zilizoitangulia. Ya kwanza ni filamu za ufukweni. Gidget ilitoka mwaka 1959, na mwaka 1963 ikafuata Beach Party ya kampuni ya American International Pictures, pamoja na ndugu zake kadhaa, zilizotengenezwa haraka na kwa fedha kidogo. Ndani yake vijana hawafanyi kazi, hawana wazazi wa kuwauliza walikolala, hawana deni wala jasho. Wanacheza ngoma mchangani siku nzima na ngozi zao hazina hata alama ya ndui. Watu weusi karibu hawamo. Stevie Wonder, angali mtoto, alionekana katika Muscle Beach Party ya mwaka 1964, lakini aliletwa kuimba tu. Sisi wa Kondoa mchanga tunaujua vizuri. Udongo wetu ulimomonyoka hata Serikali ikaanzisha mradi wa HADO mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika. Hakuna aliyewahi kuucheza ngoma mchanga ule.

Aina ya pili vijana wetu wanaifahamu sana: filamu za muuaji mwenye kisu anayewavizia vijana mmoja mmoja. Halloween ya mwaka 1978 iligharimu kama dola 300,000 hivi, ikavuna makumi ya mamilioni, na tangu hapo mabepari wa sinema hawakulala.

Tulipokuwa chuoni kwa mwalimu wetu wa Kurani, palikuwa na mwenzetu aliyeweza kumwigiza mwalimu kwa sauti, kikohozi na mwendo, tukacheka hadi machozi. Huyo ndiye aliyekuwa hodari kuliko sote katika kuhifadhi, kwa kuwa alimsikiliza mwalimu kuliko sote. Dhihaka ya kweli hufanywa na anayekijua anachokidhihaki, na hufahamika kwa anayekijua pia.

Sasa tazama wanaouawa katika filamu ya Busch. Ni watu wenye kasoro ya mwili: huyu ana kilema, yule ana ugonjwa wa ngozi. Katika zile filamu za ufukweni watu wa namna hiyo hawakuwamo kabisa. Busch anafanya kuwa jinai yale ambayo filamu za zamani zilifanya kimya kimya, yaani kumwondoa ufukweni kila asiye mzima na mzuri. Kwa maoni yetu anayechekwa hapo ni ufukwe wenyewe. Lakini Beach Party haijapata kuonyeshwa katika kibanda kile. Vijana wetu walizijua filamu za visu tu. Nusu ya dhihaka ilipotea njiani, ikabaki maiti na kiti cha magurudumu. Mtafsiri wa kibanda, ambaye kazi yake ni kusema juu ya picha kwa Kiswahili kama Lufufu alivyojijengea jina Dar es Salaam, naye alikuwa akitia utani juu ya kila mfu.

Kwa upande wa sheria hatuna maneno mengi. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka filamu ikaguliwe kabla ya kuonyeshwa hadharani, na ile ilitoka katika flashi mfukoni mwa kijana. Mwenye kibanda tulimweleza, na watoto wa shule waliokuwa wamekaa mbele tuliwatoa sisi wenyewe. Lakini mzee hakuja kutuuliza sheria. Aliuliza kama mioyo ya vijana imeoza.

Tulipotoka nje tulimwona kijana mmoja anayetembea kwa gongo, tukamwuliza alichocheka. "Shikamoo, baba. Nilicheka walipokuwa wanacheza mchangani, wamejipaka mafuta kama maandazi. Yule dada alipokufa sikucheka. Wenzangu walicheka." Kisha akanyamaza.

Jibu hilo tulimpelekea mzee kama lilivyo, pamoja na maelezo yetu juu ya ufukwe. Maelezo aliyasikiliza kwa adabu. Jibu la kijana alitutaka tulirudie. Alisema hapingi vichekesho. Akatukumbusha kwamba Mzee Rashidi Mfaume Kawawa, kabla ya kuwa Waziri Mkuu, aliigiza katika filamu ya Muhogo Mchungu miaka ya mwanzo ya 1950, akawa mshamba aliyeingia mjini, na watu wakamcheka, naye hakupungukiwa na kitu.

Mwenye kibanda amekubali kwamba mtafsiri hatatia tena utani juu ya maiti. Mzee ametuuliza kama Muhogo Mchungu yaweza kupatikana ionyeshwe pale pale kibandani, naye yuko tayari kulipa kiingilio chake na cha yule kijana wa gongo. Tumeahidi kuiulizia Dar es Salaam.