Kabla Hujalipia Kadi ya Grafiki, Fungua Kompyuta Kwanza

Tuseme una kompyuta ya mezani uliyonunua ikiwa eksi-UK, labda HP EliteDesk 800 G1 ama Dell OptiPlex 7010. Imekufanyia kazi miaka. Sasa umeanza kuhariri video za harusi, ama vijana wa nyumbani wanataka gemu, na mashine inaganda kila saa. Rafiki anakwambia, "Weka tu kadi ya grafiki, itapaa." Kwenye simu una 12,000 ulizokusanya pole pole. Imebaki kuweka PIN tu.

Ngoja kidogo. Pesa ya simu hufika kwa sekunde chache. Kuipata tena baada ya kununua kadi isiyoingia kwenye kesi yako, hiyo ni hadithi nyingine. Twende hatua kwa hatua.

Je, shida ni kadi kweli?

Kwenye Windows, fungua programu inayokusumbua, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Nenda mahali pameandikwa Performance, uangalie nini kinagonga asilimia 100 mashine ikianza kukwama.

Kama ni diski, na bado unatumia ile ya zamani inayozunguka, dawa yako ni SSD. Kama ni memori, na una RAM ya GB 4, ongeza RAM. Kama ni prosesa, kadi mpya haitasaidia sana. Ni pale tu GPU ndiyo imejaa, na wenzake wamepumzika, ndipo kadi inastahili pesa yako. Watu wengi hugundua hapa kwamba walikuwa karibu kununua kitu ambacho hawakihitaji.

Umeme ndio unaoamua

Hapa ndipo wengi huumia. Kompyuta hizi za ofisi, hasa zile nyembamba, zina pawa saplai ndogo. EliteDesk 800 G1 na OptiPlex 7010 za umbo dogo huja na wati 240. Hiyo inagawanwa na prosesa, diski na kila kitu kingine. Tena hazina ule waya wa ziada wa pini 6 ambao kadi kubwa hudai, na pawa saplai zake si rahisi kubadilisha na ya kawaida ya dukani.

Kwa hivyo kadi yako lazima iishi kwa umeme wa sloti pekee, na sloti hutoa hadi wati 75. Ukiona kadi ina tundu la waya mgongoni, iache, hata kama bei ni tamu.

Halafu pima nafasi. Kesi nyembamba inataka kadi fupi, ile huitwa "low profile", na bamba lake fupi la kufungia. Angalia pia unene: kadi nyingine hukalia nafasi ya sloti mbili. Piga picha ya ndani ya kompyuta na ya lebo ya pawa saplai, uende nazo dukani.

Na monita je? Kama yako inatumia waya wa VGA pekee, jua kwamba kadi za miaka ya karibuni hazina VGA. Utahitaji adapta, na hiyo nayo ni pesa. Iweke kwenye hesabu mapema.

Kadi gani kwa kazi gani

GT 710 inakula wati 19 tu na ni ya bei ya chini. Inafaa kuongeza monita ya pili ama kuokoa mashine ambayo picha yake imekufa. Kwa gemu, usijidanganye.

GT 1030 inakula wati 30 na hupatikana fupi. Lakini kuna mbili zenye jina moja: yenye memori ya GDDR5 na yenye DDR4. Ya DDR4 ni dhaifu kwa mbali, kwa sababu memori yake hupitisha data karibu theluthi moja tu ya mwenzake. Uliza, kisha usome boksi mwenyewe. Na wewe wa video, sikiza: GT 1030 haina kifaa cha NVENC kinachoharakisha kutoa video iliyokamilika. Ukiinunua kwa sababu hiyo, umelipia hewa. Prosesa nyingi za Intel za miaka ile tayari zina Quick Sync inayofanya kazi hiyo. Jaribu kuiwasha kwenye programu yako kwanza. Ni bure.

GTX 1050 Ti ya GB 4 inakula wati 75 na ina NVENC. Ni ya 2016, kwa hivyo nyingi sokoni ni mitumba. Draiva zake za kawaida zimefika mwisho, imebakiwa na masasisho ya usalama.

GTX 1650, ya 2019, pia ni wati 75 na ina nguvu zaidi. Kama mfuko unaruhusu, hii ndiyo itakaa nawe zaidi. Hakikisha ni ile isiyo na tundu la waya, maana ziko zote mbili.

RX 6400 ya AMD inakula wati 53 na huvutia macho. Ila hupitisha data kwa njia 4 tu za sloti, kwa hivyo kwenye kompyuta ya zamani hupoteza sehemu ya nguvu yake. Haitoi video kwa haraka pia.

Usiuziwe mbuzi kwenye gunia

Kuna kadi za zamani kama GTS 450 ya 2010 ambazo hubadilishwa programu ya ndani zijiite GTX 1050 Ti. Windows itasoma jina la uongo bila kulalamika. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako, kisha fungua GPU-Z, programu ya bure. Kadi feki nyingi huandikiwa neno FAKE papo hapo. Baada ya hapo, icheze gemu ama video kwa dakika 15 ukisikiliza feni. Muuzaji akikataa jaribio, sema asante na uende duka la pili. Luthuli Avenue haina duka moja.

Sasa ulipe, lakini vizuri

- Lipa baada ya jaribio, sio kabla. "Tuma kakitu nikuwekee" ndiyo njia ya wengi kupoteza pesa.
- Lipia namba ya till ama Paybill ya duka. Jina likitokea kwenye skrini, lisome. Likiwa tofauti na la duka, simama uulize.
- Hifadhi SMS ya muamala, dai risiti, na uandikiwe warantii ya siku ngapi. Piga picha ya namba ya siri ya kadi, ile serial.
- Kumbuka kurudisha muamala ni kwa pesa iliyokosea njia. Haimlazimishi muuzaji kukurudishia pesa kwa sababu kadi haikufaa. Hapo kinachokusaidia ni risiti na warantii.

Na kama pesa haijatosha, usikimbilie mkopo wa simu kwa ajili ya gemu. Mkopo wa 10,000 wenye ada ya asilimia 8 kwa mwezi unakula 800. Ukiurefusha mwezi wa pili kwa ada ileile, ni 1,600. Weka 150 kila siku kwenye akiba, na siku ya 80 una 12,000 zako bila deni la mtu.

Leo jioni, kabla ya kutafuta bei yoyote, zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, fungua kesi na usome ile lebo ya wati. Hiyo haina ada.